Pazeli ya mbao ya kujitengenezea nyumbani: ubao upi, msumeno upi, mkato upi

Watu wengi wanaotaka kutengeneza pazeli ya mbao, yaani picha iliyokatwa vipande vya kuunganisha tena, huanza kwa kuulizia mashine: ipi nzuri, ina nguvu kiasi gani, itafaa au haitafaa. Kwa maoni yangu swali hilo lije la tatu. Pazeli ikishakatwa, mkono unahisi mambo mengine kabisa: kipande kimeingia kikatulia au kinacheza, shingo yake, pale panapobeba kichwa cha kunasia kipande jirani, ni imara au imeanza kupasuka, picha imeshika au inabanduka pembeni. Hayo yote huamuliwa na ubao, unene wa wembe wa msumeno na umbo la mkato. Mota huongeza kasi tu. Ndiyo maana nalinganisha kwa mpangilio huo, na kila mahali nasema ninachokichagua mimi na sababu yake, ili ujue pa kukubaliana nami na pa kushika njia yako.

Kwanza, itaunganishwa na nani?

Ukubwa wa kipande hutangulia maamuzi mengine. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni. Viwango vya usalama wa vichezeo vya Ulaya na Marekani hutumia silinda ndogo yenye kipenyo cha mm 31.7, na chochote kinachozama chote ndani yake hakifai kupewa mtoto wa umri huo. Kwa mtoto kama huyo lenga vipande vya sentimita 5 hadi 7 kila upande, vinene, vyenye kona zilizoviringwa kwa msasa.

Kwa mtu mzima, kipande cha sentimita 2.5 kwa 2.5 hukaa vizuri vidoleni. Hapo ndipo hesabu inaposaidia kuchagua. Chukua picha ya ukubwa wa A4, yaani mm 210 kwa 297. Ukiigawa safu 8 kwa 12 unapata vipande 96. Mistari ya ndani ni 7 ya urefu wa mm 297 na 11 ya urefu wa mm 210, jumla mita 4.4 kama ingekuwa imenyooka. Lakini haijanyooka: kila ukingo una kichwa cha kunasana, na kichwa cha duara chenye upana wa mm 8 huongeza karibu mm 17 kwenye ukingo wa mm 25. Mita 4.4 zinageuka kuwa zaidi ya 7. Ukikata kwa mkono sentimita 3 kwa dakika, hiyo ni kazi ya saa nne za msumeno peke yake, bila mapumziko na bila wembe kukatika.

Picha hiyohiyo ikigawanywa 4 kwa 6, kwa ajili ya mtoto, ina vipande 24 vya karibu sentimita 5, na mistari yake iliyonyooka ni chini ya mita 2. Tofauti hii ndiyo itakayokuambia baadaye kama unahitaji mashine au huihitaji. Piga hesabu yako mapema, kwenye karatasi, kabla hujatoa pesa.

Ubao: hapa ndipo pazeli hufa au hupona

Kuna chaguo tatu zenye maana: mbao nzima, plaiwudi (tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja) na MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi).

Mbao nzima huvutia macho, na ndiyo iliyoanza historia. Katika miaka ya 1760 mchoraji ramani John Spilsbury wa London alibandika ramani kwenye mbao za mkangazi akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ziwasaidie watoto kujifunza jiografia. Mkato wa namna ile mbao nzima huumudu, kwa sababu vipande ni vipana na havina shingo nyembamba. Pazeli ya vichwa na matundu ni kesi nyingine. Nyuzi za mbao zinaelekea upande mmoja, ilhali kipande kina vichwa pande zote nne. Vichwa viwili vitafuata nyuzi na kuwa imara. Viwili vitakingama nazo, na shingo ya mm 4 iliyokingama na nyuzi hukatika kama biskuti. Hakuna ustadi wa mkono unaoondoa tatizo hilo. Isitoshe, mbao nzima hupanuka na kusinyaa upande wa kukingama na nyuzi hewa inapobadilika unyevu, kwa hiyo pazeli iliyokaa vizuri msimu wa kiangazi huenda ikabana msimu wa mvua.

Bado kuna mahali ambapo mbao nzima huwashinda wenzake wote: mnyama au gari la vipande vitano hadi kumi, la unene wa mm 15 hadi 20, linaloweza kusimama lenyewe mezani. Vipande vikiwa vinene na shingo zikiwa na upana wa sentimita moja na nusu au zaidi, nyuzi hazikutishi. Mbao iwe ngumu yenye nyuzi zilizoshikamana, isiwe ile laini inayochanika vibanzi.

Plaiwudi huondoa tatizo la nyuzi kwa namna ilivyoundwa. Tabaka zake hupangwa kwa kupishana, moja nyuzi zake zinaenda huku na ya pili zinaenda kule, kwa hiyo kila shingo, popote inapoelekea, ina tabaka kadhaa zinazoishikilia. Haipanuki ovyo pia. Ndiyo sababu wakataji wa pazeli wa karne ya 20 waliihamia, na mpaka leo wanaokata kwa mkono kwa ajili ya kuuza hutegemea plaiwudi.

Ila plaiwudi si moja. Tazama ukingo wa ubao kabla hujachukua. Hesabu tabaka: ubao wa mm 6 wenye tabaka tano ni tofauti kabisa na ubao wa mm 6 wenye tabaka tatu, ambapo moyo mnene wa mbao laini umefunikwa na ngozi mbili nyembamba kama karatasi. Huo wa pili utakuuzia matatizo yaleyale ya mbao nzima, kwa sababu nguvu yote iko kwenye tabaka moja la katikati. Angalia kama kuna mashimo meusi kwenye ukingo. Hayo ni mapengo ya ndani, na siku wembe ukipita kwenye pengo, shingo iliyo hapo haina kitu chini yake. Plaiwudi ya mti wa bechi (birch), yenye tabaka nyembamba nyingi zinazolingana, ndiyo bora zaidi kwa kazi hii. Usipoipata, chukua yoyote ambayo tabaka zake zinakaribiana unene na uso wake hauna mafundo.

MDF ina sifa moja kubwa: haina nyuzi wala mafundo wala pengo. Uso wake ni laini sana, karatasi hushika bila kasoro, na wembe huenda popote unapoupeleka bila kuvutwa na nyuzi. Kwa kujifunzia kukata ni nzuri mno. Lakini ni unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi, na kingo zake huanza kufanya manyoya baada ya kuunganishwa mara kadhaa. Kona hupondeka kipande kikianguka. Tone la maji likiingia kwenye ukingo usiopakwa kitu, ubao huvimba na hausinyai tena. Halafu kuna vumbi. Ni jepesi, hukaa hewani muda mrefu, na MDF nyingi hutengenezwa kwa gundi zenye fomaldihaidi, kemikali yenye madhara ikivutwa. Vumbi la mbao kwa jumla, hata la mbao safi, liliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kwa hiyo barakoa ya vumbi ni ya lazima kwa ubao wowote, na kwa MDF ongeza dirisha wazi au ukatie nje.

Unene nao una siri yake. Ubao wa mm 3 hukatika haraka lakini hujipinda ukibandikwa karatasi upande mmoja, na vipande vyake ni vyepesi mno mkononi. Ubao wa mm 6 una uzito mtamu na sauti nzuri kipande kinapoingia, lakini hausamehe mkono ulioinama. Msumeno ukiinama digrii 3 tu, kwenye mm 3 ukingo wa chini unapishana na wa juu kwa mm 0.16, kwenye mm 6 ni mm 0.31, ambayo inatosha kipande kukataa kuingia kwa upande mmoja na kulegea kwa upande wa pili. Kwa anayekata kwa mkono, mimi napendekeza mm 4. Kwa mwenye mashine iliyopimwa ikasimama wima, mm 5 au 6.

Msumeno

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye kazi hii nawaheshimu lakini siwafuati, kwa maana njia ya msumeno ndiyo nafasi itakayobaki kati ya vipande, na nafasi hiyo haizibiki tena. Kila wembe hula ubao. Kwenye ile A4 yenye safu 12, mistari 11 inayoula ubao kwa mm 0.3 hupoteza mm 3.3 za picha. Wembe unaokula mm 0.8 hupoteza karibu mm 9, na macho huona farasi mwenye miguu isiyokutana na mwili wake.

| Kifaa | Mkato wake | Kinafaa wapi | Kinakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Msumeno wa nakshi wa mkono, fremu ndefu, wembe mwembamba | mwembamba sana | vipande 10 hadi 60, chumba kidogo, usiku bila kelele | picha kubwa, ubao mnene |
| Msumeno wa upinde wa seremala, wembe wenye pini (kijiti cha chuma kinachokingama kila ncha) | mpana | wanyama wanene wa mbao nzima | vichwa vidogo |
| Msumeno wa nakshi wa umeme wa mezani | mwembamba, wima | vipande 60 na kuendelea, kazi ya kurudiarudia | huhitaji meza imara na nafasi |
| Jigso ya umeme ya kushika mkononi | mpana mno | kukata ubao uwe wa saizi | pazeli yenyewe |

Jigso niimalize haraka. Wembe wake ni mnene, hupinda ndani ya ubao kwenye kona, na meno yake ya kawaida hukata kwa kuelekea juu, kwa hiyo huchana uso wa picha. Itumie kupunguza karatasi kubwa ya plaiwudi iwe A4, kisha iweke kando.

Msumeno wa upinde wa seremala ni imara na hupatikana kirahisi, na ndiyo sababu watu wengi huanza nao. Fremu yake huwa na kina cha sentimita 12 hivi, kwa hiyo hauwezi kukata picha ya A4 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na wembe wake ni mpana kiasi kwamba kichwa cha mm 8 hakigeuki. Kwa pazeli nene ya mtoto unafanya kazi vizuri. Kwa picha ya vipande vidogo usijitese nao.

Ushindani wa kweli uko kati ya msumeno wa nakshi wa mkono na ule wa umeme.

Ule wa mkono una fremu ya umbo la U yenye kina cha sentimita 25 hadi 50 na wembe mwembamba usio na pini, unaokazwa kwa skrubu mbili. Unaufungia kibao chenye mpasuko wa V ukingoni mwa meza kwa jiliwa au klampu, unalaza ubao juu yake, mpini wa msumeno ukiwa chini, na unakata kwa kuvuta kwenda chini. Meno lazima yaelekee mpinini. Ukiyaweka kinyume, ubao utaruka kila ukivuta, na wembe utakatika. Uzuri wake ni kwamba wembe unaweza kuwa mwembamba kadiri unavyotaka. Namba 2/0, yenye unene wa karibu robo ya milimita, hugeuka karibu palepale ilipo, na vipande hutoka vikiwa vimebanana kiasi kwamba pazeli nzima hunyanyuka mezani ukishika pembe moja. Hauna kelele. Mtoto akiwa kitandani chumba cha pili, kazi inaendelea.

Gharama yake ni mkono wako na jicho lako. Hakuna kitu kinachoulazimisha wembe usimame wima isipokuwa wewe, na mikono yote huwa na upande inaoupenda kuinamia. Dawa ni kukaa chini kidogo, kiwiko kiwe karibu na mwili, na kugeuza ubao badala ya kugeuza msumeno. Kila mara kitoe kipande kimoja ukijaribu kukiingiza kutoka juu na kutoka chini. Kikipita upande mmoja tu, umeinama. Nyembe za 2/0 hukatika mara kwa mara pia, na hilo ni la kawaida, kwa hiyo nunua dazeni na usinunue mbili. Anayeanza afadhali aanze na namba 1 au 2, ashuke mkono ukishatulia.

Msumeno wa umeme wa mezani hutatua tatizo la wima kwa sehemu kubwa: meza yake hukazwa kwenye digrii 90, na ukiisha kuipima kwa kiguni kidogo, kipimo cha pembe mraba, haisogei. Mashine nyingi za nyumbani zina kina cha sentimita 40, za kutosha kabisa kwa A4 na hata A3. Mikono yote miwili inabaki huru kuongoza ubao, na hiyo ndiyo nguvu yake kuu kuliko hata kasi, kwa sababu mviringo wa kichwa hutoka laini bila vituo. Kama utanunua, jambo moja ulikague kuliko yote: lazima ikubali nyembe zisizo na pini. Nyembe zenye pini ni nene, na mashine inayokubali hizo tu imekufungia nje ya pazeli nzuri hata iwe na mota ya namna gani. Kagua pia mtetemo. Mashine nyepesi ifungwe kwenye meza nzito kwa boliti, la sivyo kila kichwa kitakuwa na mikunjo. Iwe na kirekebisha kasi, kwa sababu karatasi ya picha hupenda mwendo wa wastani. Kasi kubwa mno kwenye kona huunguza ukingo.

Kuhusu leza, zipo mashine ndogo za nyumbani, na mkato wake ni mwembamba sana. Lakini kazi yote iko kwenye kompyuta, kingo hutoka nyeusi zenye harufu ya moshi, gundi ya plaiwudi huizuia isipite sawasawa, na unahitaji miwani maalumu na njia ya kutoa moshi nje. Anayetaka nakala hamsini zinazofanana aichague. Anayetaka kutengeneza kwa mkono ana njia mbili nilizozieleza juu.

Uamuzi wangu hapa ni wa wazi: kama pazeli zako zitabaki chini ya vipande 60, nunua fremu nzuri ya mkono na nyembe nzuri, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye plaiwudi. Ukiona umekata tatu nne na bado unatamani nyingine kubwa zaidi, hapo mashine itakuwa imejilipia kabla hujaileta.

Mkato: gridi, mawimbi, au kufuata rangi

Gridi ndiyo anayoijua kila mtu: safu zilizopangwa, kila kipande kina pande nne. Ni rahisi kuhesabu na ni ya haki kwa mtoto anayejifunza, kwani kona ni nne na kingo zinaonekana. Ubaya wake kwa mkataji ni kwamba hufichua kila kosa. Jicho likishazoea vichwa kumi vinavyofanana, cha kumi na moja kilichopinda hulivamia.

Mkato wa mawimbi, ambao mistari hupinda kwa hiari na vipande havifanani, husamehe zaidi na hufurahisha zaidi. Huu ndio ninaompendekezea anayeanza, ingawa wengi hudhani ni wa mabingwa. Hufuati mstari wowote, kwa hiyo huwezi kuukosa. Kanuni ni chache: kichwa kiwe na upana wa karibu theluthi ya ukingo, shingo isiwe chini ya unene wa ubao, na mkato mmoja usiukaribie mwingine kiasi cha kuacha kipande chembamba kama kijiti.

Kufuata rangi ni jambo la tatu, na ni la watu wenye roho ngumu. Unakata palepale ambapo anga inakutana na mlima, ambapo shati linakutana na ukuta. Kipande cha samawati hakioneshi hata chembe ya kijani, na mwenye kuunganisha hapati dokezo la jirani yake. Pazeli za watu wazima za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikatwa hivyo, tena nyingi hazikuwa na vichwa vya kunasana. Vipande vililala tu ubavu kwa ubavu, na mtikisiko mdogo wa meza ulitosha kuvitawanya. Kunasana kwa vichwa kulipata nguvu baada ya kampuni ya Parker Brothers ya Marekani kuanza kuuza pazeli zake za mbao zilizoshikana, karibu mwaka 1909. Kama unamtengenezea mtu mwenye subira ya kweli, changanya: vichwa vya kunasana ukingoni ili fremu isimame, na mkato wa kufuata rangi ndani.

Swali linaloambatana na hili ni kama uchore mistari kwanza au ukate kwa jicho. Kuchora juu ya picha kwa penseli huacha alama. Kubandika kiolezo juu ya picha kunahitaji kukibandua baadaye kwenye kila kipande, na kipande kimojawapo kitabanduka na uso wake. Kubandika kiolezo mgongoni na kukata picha ikiwa chini ni kibaya kuliko vyote, kwa sababu meno hukata kwenda chini na hutokea upande wa chini yakichana. Huo mchano ungeangukia kwenye picha. Picha iwe juu daima. Kwa gridi, weka nukta ndogo ukingoni mwa ubao, pale safu zinapoanza na kuishia, na katikati ongozwa na jicho. Kwa mawimbi huhitaji chochote.

Ukitaka kutia nakshi yako, kata vipande viwili vitatu vyenye umbo la kitu: ndege, ufunguo, herufi ya kwanza ya jina la utakayempa. Hivi vikate kwanza, kisha uelekeze mikato mingine ivizunguke. Ukiviacha mwisho utakuta hakuna nafasi.

Picha: ya kubandika au ya kupaka

Kupaka rangi moja kwa moja kwenye ubao huondoa hofu zote za karatasi kubanduka, na kwa pazeli nene za watoto ndiyo njia bora. Chagua rangi zisizo na sumu zilizoandikwa kuwa zinafaa vichezeo. Paka tabaka nyembamba na uzuie rangi isitiririke kwenye kingo zilizokatwa, kwa maana unene wa rangi kwenye shingo hufanya kipande kikwame.

Kwa picha yenye maelezo mengi, karatasi haina mpinzani. Hapa kuna chaguo mbili zinazoonekana sawa lakini haziko sawa. Picha iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji huchuja rangi gundi au vanishi yenye maji inapoigusa. Iliyochapwa kwa printa ya unga haichuji. Karatasi ya picha ya studio ni imara na rangi zake zimetulia, ila ina ngozi ya plastiki isiyopitisha unyevu, kwa hiyo gundi hukauka polepole kwa kupitia ubao tu. Ipe siku nzima chini ya uzito, na usidanganyike na kingo zilizokauka.

Gundi nyeupe ya mbao ikipakwa kwa roli kwenye ubao, tabaka jembamba linalolingana, hushika kuliko gundi ya kupuliza na hukupa dakika chache za kusogeza karatasi. Ya kupuliza ni safi na ya haraka, lakini ukishagusisha umegusisha. Mimi hutumia nyeupe. Anza katikati, sukuma hewa itoke kwa kadi ya plastiki, funika kwa karatasi isiyonata, kisha weka vitabu vizito juu. Ubao ukiwa mm 3, bandika karatasi tupu mgongoni pia. Pande mbili zikivutana sawa, ubao hautajikunja.

Vanishi ipakwe kabla ya kukata, gundi ikishakauka kabisa, tabaka mbili nyembamba. Inalinda picha dhidi ya vumbi na jasho la mikono wakati wa kazi. Ukiipaka baada ya kukata huku vipande vimeunganishwa, itatiririka kwenye nyufa na kuvigandisha. Msasa wa namba 320 upite mgongoni tu baada ya kukata, kuondoa vibanzi vilivyotokeza. Kingo ziache kama wembe ulivyoziacha, kwa sababu kila unachosugua hapo ni nafasi unayoongeza.

Michanganyiko ninayoiamini

Zawadi ya mtoto wa miaka miwili: mbao nzima ngumu ya mm 18, mnyama wa vipande sita, msumeno wa upinde wa seremala, rangi ya kupaka. Kazi kubwa itakuwa ya msasa kuliko ya msumeno.

Mtoto wa miaka mitano: plaiwudi ya mm 4, A4 ya vipande 24 kwa gridi, msumeno wa nakshi wa mkono wenye wembe namba 2, picha ya kubandika. Fremu ya msumeno yenye kina cha sentimita 30 hufika kila mahali ukianza kuigawa picha kwa kuikata katikati iwe nusu mbili. Bakiza ukingo wa sentimita mbili kuzunguka picha, uukate wote kama fremu kabla hujaigawa picha, kisha uugandishe juu ya ubao mwembamba uwe sinia ya kupangia. Wembe hauingii katikati ya ubao wenyewe, kwa hiyo toboa kwa keekee tundu dogo kwenye kona, pitisha wembe hapo, ndipo uufunge.

Mtu mzima na pazeli ya kwanza: plaiwudi ya mm 4 yenye tabaka zinazolingana, ukubwa wa A5, vipande 40 kwa mkato wa mawimbi, wembe namba 1. Inamalizika kabla hamu haijaisha, na inaonesha mapema kama mkono wako unainama.

Mtu mzima anayetaka vipande 96 au zaidi: plaiwudi ya bechi ya mm 5 au 6, mashine ya mezani isiyodai pini, wembe 2/0, mkato wa mawimbi uliochanganywa na wa kufuata rangi. Kata ubao uwe vipande vinne vikubwa kwanza, kila kimoja kiwe na vichwa vyake, ndipo ushughulikie kimoja baada ya kimoja. Ubao mdogo hugeuka kirahisi, na shingo zilizokwisha kukatwa hazibebi uzito wa ubao mzima.

Na kwa yoyote utakayochagua, paka mgongo rangi moja kabla ya kukata, kila pazeli na rangi yake. Siku pazeli mbili zikichanganyika sakafuni, kuzitenganisha ni kazi ya dakika tano.